Leo Mwezi Ngapi?

Agosti 2013, wiki moja baada ya Idi, nilifika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na kamera ya kukodi, mpiga picha, kijana wa sauti na dereva aliyekuwa ameshaanza kuulizia chakula. Kamera ilikuwa ya siku nne. Pesa ya siku ya tano sikuwa nayo. Nilikuja kupiga filamu ya kinamama wanaolima mwani, na picha ya kwanza nilikuwa nayo kichwani tangu masika: bahari imekupwa mpaka jicho linapoishia, wanawake wametapakaa wameinama, kanga zimelowa, jua ndio kwanza linachomoza.

Asubuhi tukateremka ufukweni. Maji yamejaa. Tukangoja. Kufika alasiri yakasogea nyuma kidogo, yakasimama, kisha yakarudi zao. Ufukwe mzima kulikuwa na watalii wawili na mbwa. Mkulima, hata mmoja.

Kwenye baraza ya nyumba ya karibu alikuwa ameketi bibi mmoja anasuka ukili. Nikamwamkia shikamoo, nikajieleza: mimi natoka Dar, nafanya filamu, nataka kuonyesha jasho la mwanamke wa mwani. Akaniacha nimalize maneno yangu yote. Kisha akaniuliza, "Leo mwezi ngapi, mwanangu?"

"Mwezi wa nane, Bi Mkubwa."

"Mwezi nane." Akacheka mpaka akauweka ukili chini. "Umepatia, na hujui kama umepatia."

Mimi nilimtajia Agosti. Yeye alikuwa anauliza mwezi wa juu. Na kweli siku ile ilikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, siku ambazo kila mtoto wa Paje anajua kuwa ni za maji mafu: bahari haijai sana wala haikupwi sana, na mashamba ya mwani yanabaki chini ya maji. Mwani unafanywa bamvua, maji yanapokupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. "Njoo mwezi kumi na tano," akaniambia, kama mtu anayetaja basi la saa ngapi.

Nilihesabu kwa vidole. Siku saba. Kamera ilikuwa inarudi Kariakoo baada ya siku tatu.

Tulipiga nini siku hizo? Mbuzi. Madau. Mlango wa skuli. Mpiga picha, kaka mmoja mzoefu aliyenizidi umri kwa miaka michache tu, alikuwa ananiitikia "sawa, dairekta" kwa sauti ambayo wanawake wa kazi hii wataijua bila mimi kuieleza. Siku ya tatu alimwambia dereva, mimi nasikia, kwamba waandishi waandike. Sikumjibu, kwa sababu siku ile nilikuwa nakubaliana naye.

Maana kabla ya kamera nilikuwa mtu wa kalamu, na bado ni mtu wa kalamu. Kalamu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Nilianza 2002 kwenye gazeti moja la Kiswahili, ukurasa wa burudani wa mwisho wa wiki, shilingi 5,000 kwa makala, ukimkuta mhasibu na ukimkuta na moyo mweupe. Niliandika habari za taarabu, za wachoraji wa tingatinga, za michezo ya jukwaani kule Bagamoyo. Mwaka uliofuata filamu za Kibongo zikalipuka, kila mtaa ukawa na kundi limeingia kambini na kamera ya harusi, na mhariri wangu akaona kazi ya kuziandika anipe mimi, kwa sababu wanaume wote wa meza ile walikuwa wanataka mpira.

Darasa langu la kwanza la sinema lilikuwa kibanda umiza cha Manzese. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja ya kichogo, na sauti ya mkalimani juu ya filamu ya Kichina au ya Kihindi, anatafsiri anachotaka na kuongeza anachotaka. Lufufu alikuwa mfalme wao, watu walikuwa wanauliza kwanza "imetafsiriwa na nani?" ndipo waulize ni filamu gani. Swali la pili lilikuwa moja siku zote: "Steringi nani?" Ukishamjua steringi, yule mhusika mkuu, umetulia, kwa sababu steringi hafi. Mimi nilikuwa nakaa benchi la mwisho na daftari, mwanamke peke yangu, nikijiona mjuzi.

Na mjuzi huyo ndiye aliyeandika, 2004, makala ninayoionea aibu mpaka leo. Nilialikwa kwenye ukumbi mmoja mjini kutazama These Hands ya Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa ameshatengeneza Kumekucha mwaka 1987. These Hands ni ya 1992, wakati Tanzania Bara haina hata kituo kimoja cha televisheni. Inaonyesha wanawake, wengi wao wakimbizi wa Kimakonde kutoka Msumbiji, wakivunja mawe kwa nyundo kwenye machimbo ya Kunduchi ili wauze kokoto. Hakuna sauti ya msimuliaji inayokueleza uwaze nini. Ni mawe, nyundo, watoto pembeni, na baadaye wimbo. Nikarudi nyumbani nikaandika "Dakika 45 za Kokoto". Nilisema haina hadithi. Nilisema haina steringi. Mhariri akafurahi sana, akaniwekea na picha yangu.

Lugha yetu nayo ina kejeli zake. Vijana wanasema kumponda mtu wakimaanisha kumsema vibaya. Nilimponda mama aliyekwenda kukaa na wanawake wanaoponda mawe, na sikuiona hata hiyo.

Nilikaa kwenye ukurasa ule miaka mingi nikiponda. Nikaacha kidogo Aprili 2012, mwigizaji Steven Kanumba alipofariki na mimi nikatumwa Leaders Club siku ya kumuaga. Nilikuwa nimeshaziandika filamu za namna ile kwa ncha kali: taa mbaya, kilio kirefu, sehemu ya kwanza na ya pili pasipo na sababu. Sasa nilisimama katikati ya umati ambao sijauona tena Dar es Salaam, wanawake wanazimia, wauza maji wanalia na ndoo kichwani. Daftari lilikuwa mkononi na sikuandika neno. Sikuwa nimebadili mawazo kuhusu zile taa. Ila katika miaka kumi ya kuandika kuhusu filamu, sikuwa nimewahi kuwageukia waliokaa nazo kibandani niwaangalie nyuso.

Na wala nisijifanye nilikuwa nje ya mchezo. Mwaka 2008 nilitengeneza filamu yangu ya kwanza ya kuigiza, hadithi ya mke na wifi, siku kumi na moja za kupiga picha kwenye nyumba ya shangazi yangu Tabata. Nikaipeleka kwa msambazaji. Aliitazama dakika nne huku anahesabu noti za mtu mwingine, akasema ikatwe iwe mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, atanunua masta kwa milioni nne. Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliisaini nimesimama, kwenye kaunta, kwa kalamu ya kufungwa na kamba. Neno "haki zote" lilikuwa mstari wa tatu. Mimi, mwandishi, mtu wa maneno, nililipita kama kibao cha barabarani. Filamu ile inaoneshwa mpaka leo kwenye mabasi ya mikoani. Niliwahi kuikuta nikienda Singida, kondakta ananiuliza kama nataka sauti iongezwe. Kwenye kava jina langu limekosewa herufi, na mwigizaji aliyewekwa mbele anaonekana humo ndani mara mbili tu.

Anayeanza nitamwambia hili moja tu: karatasi isomwe ukiwa umekaa. Ikiwezekana, uwe umekula.

Basi, Paje. Kamera ikarudi Kariakoo, wenzangu wakarudi na boti, mimi nikabaki. Nilikuwa na kikamera kidogo cha rafiki na chumba cha elfu kumi kwa siku. Mwezi ulipofika kumi na tano nikamkuta Bi Mkubwa ameshajifunga kibwebwe ananisubiri mlangoni. Na ile picha yangu ya jua linachomoza juu ya bahari iliyokupwa? Haipo. Bamvua, pwani ile, maji hukupwa kama saa nne asubuhi, jua limeshawaka, na mwanga wake ni mweupe, mkali, mbaya kabisa kwa kamera. Alfajiri bahari imejaa. Ile picha niliitunga Sinza, kitandani.

Tukatembea kwenye mchanga nusu saa kufuata maji. Shamba la mwani kwa mbali ni kama mistari ya daftari: vigingi viwili, kamba kati yake, na kwenye kamba vichipukizi vimefungwa kimoja kimoja, shibiri kwa shibiri. Unakaa ndani ya maji. Si kuinama kama nilivyofikiria; unakaa kabisa, kanga na wewe, maji ya kiunoni, na kamba umeipitisha mapajani. Bi Mkubwa alichukua kichipukizi kwa mkono wa kushoto, akazungusha kikamba chembamba, kidole gumba kikasukuma, tayari. Kingine. Kingine. Mimi nilijaribu vitatu, viwili vikaelea. "Umekaza mno, umekinyonga," akasema kuhusu kimoja. "Na hiki hukukishika kabisa." Kikamba kinatakiwa kimshike mwani na kimwachie nafasi ya kunenepa. Wiki sita hivi baadaye unarudi kuvuna, unaanika, na ule mzigo uliokaribia kukuvunja mgongo unasinyaa juani mpaka unabaki sehemu ndogo tu ya ulivyokuwa.

Kilimo hiki kilianza hapo Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume walikuwepo mwanzoni, wakaona faida ni ya kudonoa, wakarudi kwenye samaki na baadaye kwenye utalii. Wakabaki wanawake, na pesa ikawa yao: sare za skuli, bati, kitanda, na kwa wengine talaka waliyoweza kuidai wenyewe. Miaka niliyokwenda mimi, ile aina ya bei nzuri wanayoiita kotonii ilikuwa inakufa, maji yamekuwa moto, inageuka nyeupe na kuoza kambani. Iliyobaki, spinosamu, ilikuwa kama shilingi 400 kwa kilo, kavu. Ukisugua meno asubuhi huenda umesugua na mwani wa Unguja. Unatiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili vishikane.

Nilikwenda bamvua baada ya bamvua, karibu mwaka mzima. Katikati nilikuwa narudi Dar kuandika chochote kinacholipa. Naandika tamasha la Sauti za Busara, natafsiri maandishi ya chini ya filamu za watu, naandika vitabu vya ratiba za matamasha. Hayo ndiyo yaliyonunua betri. Mtu akiniuliza filamu ile iligharimiwa na nani, jibu la kweli ni kwamba iligharimiwa na makala zaidi ya sitini, nyingi zake hazina thamani yoyote.

Ni usiku mmoja wa kuhariri, nimekaa na saa nyingi za picha za mikono na kamba, ndipo zile dakika 45 za kokoto ziliponirudia. Nilikuwa naikata picha ya Bi Mkubwa akifunga. Sekunde tano: unaona mwanamke anafanya kazi, umeelewa, unataka nyingine. Sekunde kumi na tano: unachoka, unajiuliza "kisha?" Nikaiacha iende, kwa uchovu tu, nilikuwa natafuta sukari. Niliporudi na chai ilikuwa imefika dakika ya pili na nusu, na kuna kitu kilikuwa kimebadilika. Niliona kuwa kidole chake cha shahada hakikunji. Miezi yote ile nimekaa naye majini sikuwa nimekiona. Niliona kuwa kila baada ya vichipukizi saba au vinane anatazama upande wa mwamba, sekunde moja, kupima maji yanakuja. Kumbe swali la "kisha?" likishachoka kuulizwa, ndipo macho yanapofanya kazi. Flora M'mbugu-Schelling alilijua hilo na akanipa muda wa kuliona, mimi nikamrudishia kejeli kwenye gazeti.

Safi Faye wa Senegal alishaketi hivyo hivyo na wakulima wa karanga kijijini, filamu yake ikatoka 1975. Sikumjua. Nilikuwa nafundisha watu kuhusu sinema ya Afrika gazetini na sikumjua.

Wakati huo huo kulikuwa na mfuko mmoja wa Ulaya uliokubali kunisaidia kumalizia, kwa masharti. Walitaka sauti ya msimuliaji. Walitaka mwanamke mmoja, si kumi na wawili, na awe alikuwa kwenye shida na sasa ametoka. Nilisoma barua pepe ile mara mbili nikacheka peke yangu: Manzese na Ulaya, swali moja. Steringi nani? Na steringi hafi.

Nilikubali nusu. Nilimsogeza Bi Mkubwa mbele zaidi, nikatia maneno yangu mwenyewe kwa sauti yangu, dakika tatu za mwanzo, ambazo leo nikizisikia nauma meno. Kuhusu kutoka kwenye shida niliwaandikia kurasa mbili nzuri sana zisizosema chochote. Huo ndio uzuri wa kuwa umewahi kuandika vitabu vya ratiba. Maandishi ya chini nikayafanya mwenyewe pia, na pale Bi Mkubwa anaponicheka kwa ule mwezi nane nilikesha siku mbili nikashindwa. Kwenye lugha yao mwezi wa juu ni neno jingine na mwezi wa kalenda ni neno jingine. Nikaiacha bila maandishi. Watazamaji wa kule wanamwona bibi anacheka, basi.

Januari 2015 niliipeleka Paje kabla ya kuipeleka popote. Shuka jeupe kwenye ukuta wa skuli, projekta ya kuazima, jenereta ya jirani na mafuta yangu. Nilijua watakapolia, nilikuwa nimepaandaa. Hawakulia. Pale walicheka. Kuna picha niliyoipenda kuliko zote, kamba inayumba ndani ya maji, mwani unacheza, muziki wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwa mbali, sauti ikatoka gizani, "Kamba hiyo imelegea! Ya nani hiyo?" Ikajibiwa, "Unamjua mwenyewe!" na mama mmoja akajifunika uso kwa kanga huku wenzake wanampiga mabega. Muziki wangu wote ukapotelea hapo.

Ilipokwisha walipiga makofi ya heshima. Bi Mkubwa hakupiga. Akanivuta pembeni.

"Na mzani?"

"Mzani gani, Bi Mkubwa?"

"Si ulikuwepo siku ya mzani. Ulisimama na hicho chako." Akaonyesha begi la kamera. "Kazi umeionyesha yote, kuanzia kigingi. Pale inapokwenda kuishia umezima taa."

Nilikuwa na sababu. Siku ile mnunuzi alikataa kupigwa picha uso, ghala lilikuwa na giza, sauti imejaa upepo. Nilikuwa na dakika tatu na sekunde kadhaa za mshale wa mzani, ndoana, gunia na mikono. Picha mbovu, ningemponda mtu kwa picha ile. Nikamweleza. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya kwanza, mpaka mwisho, bila kunikata, na nilipomaliza akawa kama anangoja nianze.

Nikarudi Dar nikaufungua mradi upya. Nikatoa ile sauti yangu ya mwanzo, nikautia mzani kabla ya mwisho, wote, bila kuukata na bila muziki. Wale wa Ulaya waliandika kuwa picha ile haina ubora wa kuoneshwa. Ni kweli haina.

Bamvua iliyofuata nilirudi na shuka lilelile. Upepo ulikuwa mkali, vijana wawili wakalishikilia pembe za chini. Mzani ulipotokea pakawa kimya, mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama, na kabla gunia halijashushwa mtu akasoma kwa sauti: "Ishirini na saba."

"Thelathini hiyo," akasema mwingine. "Tazama mshale ulipo."

"Thelathini wapi? Niliandikiwa ishirini na saba."

"Kwani gunia lako hilo?"

"Langu! Si hilo lenye kiraka cha bluu?"

Wakaniambia nirudishe. Nikarudisha. Wakaniambia nisimamishe pale pale, nikasimamisha, na wanawake sita wakaenda mpaka ukutani, vivuli vyao vimeufunika mzani nusu, wanapima mshale kwa kidole juu ya shuka. Bi Mkubwa alikuwa ametulia kwenye kiti chake cha plastiki. Dakika za mwisho za filamu hazikutazamwa na mtu. Saa tano usiku mafuta yalikwisha, jenereta ikazima, na gizani bado walikuwa wanabishana.